Maji Meupe ya Mjane

Wiki jana, kwenye kioski cha maji hapa Kitengela, mjane mwenye kisima alifungua bomba, maji yakatoka meupe kama maziwa. Akina mama kwenye foleni wakarudi nyuma na mitungi yao.

“Hapa palikuwa na makaburi,” mmoja akanong'ona.

Mjane akanitazama mimi, niliyekuwa nimepanga foleni pia. Kisima hicho ndicho kinacholisha watoto wake. Kwa kuwa nilisomea kemia chuo kikuu, nikakinga maji hayo kwenye glasi yake, nikaiinua.

“Ni hewa tu, akina mama. Kule chini imeshindiliwa ndani ya maji. Yakifika juu mgandamizo unapungua, hewa inatoka kwa vipovu. Ngojeni muone.”

Weupe ukaanza kuondoka, kutoka chini kwenda juu, polepole, kana kwamba kuna kitu ndani kinainuka. Nikatabasamu.

Bibi mmoja wa Kimaasai, ambaye sote tunamwita Kokoo, akainama akaichungulia glasi.

“Msomi, hiyo hewa ya huko chini, nani alikuwa anaipumua?”

Foleni ikatawanyika. Mjane akanijazia mtungi kwa shukrani, maana nilimtetea.

Mtungi uko jikoni kwangu tangu siku hiyo, maji yameng'aa kabisa. Nyumbani tumekuwa tukinywa soda.