Mtaalamu wa Waini wa Kamati

Kamati yetu ya harusi hapa Sinza ina mwenyekiti, mweka hazina, na mtaalamu wa waini. Huyu wa tatu ni jirani yetu mwenye vidole virefu, asiyeshika glasi ila kwenye kile kimguu chake chembamba. Huizungusha, huinusa, kisha hufumba macho kama anayesikiliza ujumbe wa sauti kutoka kwa zabibu. “Zabibu ya Kaberne peke yake ni kali,” hutufundisha kwa sauti ya daktari. “Wanaichanganya na Merlo ili kuilainisha. Hizo tamu mnazopenda nyie ni juisi ya watoto.”

Basi kwa sendofu ya Kokushubila, sherehe ya kumuaga bibi harusi wetu, tukanunua aliyoichagua yeye, nyekundu, isiyo na chembe ya sukari. Wageni wakaonja, wakakunja nyuso, wakarudisha glasi mezani kwa adabu. Mama wa bibi harusi akaanza kumtazama mtaalamu wetu. Mtaalamu akafumba macho, akanywa, akasifu, kisha akaishusha glasi chini ya kitambaa cha meza na kuiongezea Sprite.

“Shemeji,” mama akamwita, akiinyooshea kidole chupa ya Sprite, “na hiyo ni zabibu ya wapi?”

Hakupepesa hata jicho. “Hii ni ya kulainisha.”

Meza nzima tukamnyooshea glasi zetu.