Mama Aliyekataa Kudanganya

Vita vya Kongo ndivyo vilivyotufikisha Malawi, mimi na mume wangu. Waasi walikuwa wamemchukua kwa nguvu kule Uvira, akawatoroka. Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka hakutulia. Kila uso wa kwetu aliuogopa. Tukahamia Lilongwe, karibu na mtaa wa Biwi, nikawa nashona katika duka la mjane mmoja kutoka Sri Lanka. Tulilala chumba cha nyuma.

Mama yule alifuata dini ya Budha. Kila asubuhi aliwasha taa ya mafuta, akarudia ahadi zake tano: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo, kutokunywa kilevi. Hata mende alimfunika kwa glasi, akampeleka nje. Nilikuwa nikicheka, mpaka siku mume wangu aliporudi kutoka sokoni mbio. Amemwona askari mmoja wa waasi wale, anaulizia habari zake.

Nikamwendea mama. "Akija, sema hutujui."

"Siwezi," akajibu kwa Chichewa chake cha dukani. "Nimeahidi."

Ahadi gani hiyo? Sisi tulidanganya kwenye kila kizuizi tangu Uvira, ndiyo maana tulikuwa hai. Siku hizo sindano ilinichoma vidole. Kila kivuli mlangoni nilidhani ni yule askari.

Akaja kweli, mchana. Sisi tulikuwa nyuma ya pazia, tukisikia yote.

"Yule Mkongo yuko hapa?" askari akauliza.

"Alipo sitakuambia."

"Basi unamjua."

"Namjua. Nimeahidi kutoua. Siwezi kumkabidhi kwako."

Nikachungulia. Mama amesimama katikati ya mlango, mwembamba kama uzi, ameshika miimo kwa mikono miwili. Wateja wakaanza kusogea, wakitazama. Yule mtu akaondoka, akisema atarudi.

"Kusema 'sitakuambia' njo kusema niko!" mume wangu akanong'ona kwa hasira, kwa Kiswahili cha Uvira.

Jioni ileile tukarudi Dzaleka.

Askari hakuonekana tena. Tulisikia ameelekea kusini. Hata hivyo mume wangu alishtuka kila baiskeli ilipopita.

Baada ya wiki kadhaa mama akaja kambini, ameniletea cherehani. Mume wangu hakumsalimu.

"Muulize," akaniambia, "neno moja tu la uongo lingemuzuru nini?"

Nikatafsiri.

"Sijui," mama akasema. "Silali vizuri. Nawaza: je, kama yule mtu angenisukuma akapita?"

Mume wangu akamtazama, kisha akamsogezea kiti, akaniambia nisonge nsima, ugali wa huku, tule naye.