Chai Isiyo na Moshi

Kila ninapobadilisha mtungi wa gesi katika nyumba ninayopanga hapa Ruharo, kuna harufu inayotoka kabla sijawasha kiberiti. Ni kidogo tu, kama yai viza lililopasuka chumba cha pili, na watu wenye akili zao hukimbilia kufungua dirisha. Mimi husimama kwanza. Nafundisha fizikia kutwa nzima, jioni nasahihisha madaftari, na kwa kweli nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauitibu. Lakini harufu ile ikinifikia pua, hunitoa Mbarara na kunirudisha Nakivale, kambi ya wakimbizi nilikokulia, kwenye jiko la shule yetu, na sina nguvu ya kuikatalia.

Mama yangu alikuwa mpishi wa shule ile ya sekondari. Hiyo ndiyo ilikuwa karo yangu: yeye asonge posho, yaani ugali, na kuchemsha maharagwe ya watoto wote, mimi niketi darasani. Jiko lilikuwa banda la mabati lenye mafiga ya matofali. Kuni zilitoka mbali, upande wa Rugaaga, kwenye mashamba ya watu waliokwisha kuchoka kutuona, na mara nyingi zilifika mbichi. Kuni mbichi hulia kabla ya kuwaka, na Mama alilia pamoja nazo tangu alfajiri hadi maharagwe yaive. Alipika kichwa amekigeuza pembeni, mkono unakoroga sufuria, uso unatazama ukuta. Nilipokuwa mdogo nilidhani ndivyo wapishi wote wanavyosimama. Wanafunzi walimwita Mama Moshi, bila ubaya, kwa sababu hata kitenge chake cha kanisani kilinuka jiko.

Maabara hatukuwa nayo. Mwalimu Byaruhanga, Mnyankore mrefu mwenye koti moja na subira nyingi, alitufundisha kemia kwa chaki. Aliuchora moto wa maabara ubaoni, kwa chaki ya buluu aliyoinunua mwenyewe, akatuonyesha sehemu ya ndani ya ule moto na sehemu ya nje, nasi tukanakili. Nilipata alama zote katika mtihani wa moto ambao sikuwahi kuuona.

Kisha likaja shirika. Nakivale magari meupe hayamshangazi mtu, hata mbuzi hawayapishi, lakini hili lilileta jambo jipya. Mama mmoja mpole, aliyezungumza Kiingereza polepole ili tumfuate, alisema kuna fedha kwa shule za sekondari ambazo wanafunzi wake watatengeneza kitu kwa mikono yao wenyewe, kitu cha kutatua shida ya mahali wanapoishi. Mwalimu alifurahi mpaka akafuta ubao uliokuwa safi.

Tukaulizwa shida zetu ni zipi. Zilikuwa nyingi, tukaanza kubishana ipi ni kubwa, mpaka rafiki yangu Bahati akasimama. "Shida ni moshi ya Mama Neema," akasema. "Inaingia mpaka mu darasa. Tunasoma huku tunakohoa." Neema ni mimi. Nilitamani ardhi inimeze, ila darasa zima lilipiga makofi, na hivyo ndivyo tulivyoanza kutengeneza gesi ya kupikia kutokana na mavi ya ng'ombe.

Fedha za shirika zilitununulia pipa moja kubwa la plastiki, mabomba na mpira wa ndani wa gurudumu la lori, ambao ungehifadhi gesi. Mavi tulipewa bure na majirani wafugaji, waliotucheka hadi wakashika mbavu. Tuliyabeba kwenye mabeseni kichwani, wasichana kwa wavulana, tukayakoroga na maji kwa mikono, na kwa majuma kadhaa hakuna aliyetaka kukaa nasi benchi moja. Kwaya ya kanisa ilitusogeza nyuma karibu na mlango, eti sauti zetu zinasikika vizuri zaidi kutoka kule. Mkebe wa maziwa ya unga tuliutoboa kwa misumari, ukawa jiko.

Siku mpira ule ulipoanza kuvimba tulicheza ngoma pale pale. Tukawasha. Gesi haikuwaka. Bahati alikaribia kulia, na mimi pia, lakini Mwalimu alichutama kando ya pipa akacheka. "Nyinyi watoto, hiyo gesi ya kwanza haiko mzuri. Muache itoke tu. Hata ng'ombe akizaa, maziwa ya kwanza hatupeleki sokoni." Tukaiacha itoke, ikanuka yai viza, tukangoja mpira uvimbe tena. Mara ya pili akamwita Mama aje awashe yeye.

Mchana moto wa gesi hauonekani vizuri. Mama aliinama na kiberiti, akasikia mvumo, akarudi nyuma, kisha akapitisha kiganja juu ya mkebe na kukiondoa upesi. Alipoweka mwili wake kati ya jua na jiko, tukauona wote, wa buluu, mfupi, mtulivu, kama ule wa ubaoni. Mama alishika ncha ya kitenge chake akajipangusa macho, kwa mazoea. Hakukuwa na cha kupangusa.

"Hii moto haiombe machozi," akasema.

Nisiwadanganye, gesi ile ilikuwa kidogo. Ilitosha birika la chai ya walimu wakati wa mapumziko, na siku nyingine uji wa mtoto mgonjwa. Posho na maharagwe viliendelea kupikwa kwa kuni. Lakini wakati wa chai Mama alivuta kigoda, akakaa mbele ya mkebe ule akiutazama moto, mikono magotini, kama mtu aliyetembelewa na mgeni anayempenda. Hakupata wakati mwingine kama huo kutwa nzima. Pipa alilipa jina la ng'ombe. "Ngoja nilishe kwanza ng'ombe yangu," alisema kila asubuhi, akalimiminia mavi na maganda ya viazi, na mimi niliyekuwa nikimwonea haya sasa nikawa najivuna. Tangu tuondoke Kivu, kule Kongo, hakuwa na kitu chochote kinachomtegemea isipokuwa mimi.

Wageni walikuja, wakapiga picha, wakanywa chai. Wakaondoka. Mwaka ukapita.

Waliporudi, Mwalimu alikuwa ameshapanga maneno yake. Aliwaomba mapipa mengine, machache tu, ili uji wa watoto wote nao uhame kwenye kuni. Yule mama mpole alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaeleza, kwa masikitiko ya kweli nadhani, kwamba fedha zao ni za mambo mapya. Gesi ilikwisha kufanyika. Mwaka huu shule ilete wazo jingine, ilitengeneze, ilipeleke kwenye maonyesho Mbarara mbele ya waamuzi, na fedha zitafuata baada ya hapo. Kipya kinyemi ingawa kidonda, wahenga walikwisha kusema, wala hawakuwa wakiomba fedha kwa shirika lolote.

Ila safari hii kulikuwa na zawadi. Shule ya kwanza ingejengewa maabara, na ya pili ingepewa vifaa. Shule ya tatu ingepata ufadhili wa mwanafunzi mmoja, asome kidato cha tano na cha sita mjini Mbarara. Shule yetu iliishia kidato cha nne, na wote tulijua kilichokuja baada ya cha nne: jembe, au meza ya nyanya sokoni, au kuketi tu. Usiku Mama aliponipa chakula nilijua anafikiria kidato cha tano, kwa sababu nami nilikuwa nafikiria hicho hicho.

Tuliamua kutengeneza kichujio cha maji ya ziwa, kwa mchanga, kokoto na makaa. Mchanga ulikuwepo na kokoto zilikuwepo. Makaa Bahati aliyaomba kwao. Kilichokosekana ni pipa refu lenye bomba chini, na katika shule nzima pipa la namna hiyo lilikuwa moja.

Mwalimu alikwenda jikoni wakati wa chai, nasi nyuma yake. Alisimama mlangoni akipapasa vifungo vya koti lake.

"Nyabo," akasema, neno la kwao la kumheshimu mwanamke, "tuko na shida." Akalitazama pipa.

Mama alikuwa kwenye kigoda chake. Alitutazama mmoja mmoja, akafika kwangu, akarudi kwa Mwalimu. Kisha akacheka. "Ni pipa munataka? Mubebe tu, mwalimu. Chai ya hii moto haina utamu. Iko sawa maji ya kuoga. Mutu amezoea moshi yake." Alipomaliza kuwamiminia walimu alifunga gesi, akausugua ule mkebe kwa majivu hadi ukang'aa, akautundika ukutani. Uchafu wa ndani ya pipa aliumwaga mwenyewe kwenye migomba. Tulitaka kumsaidia, akatufukuza tukatafute mchanga.

Nilimwamini. Mtoto huamini upesi jambo linalomfaa. Niliporudi darasani nilikuwa mwepesi, nikimweleza Bahati kwamba Mama hata hakuipenda ile chai.

Pipa tulilisugua kwa majivu, kwa sabuni, kwa malimau, na bado lilikumbuka lilikotoka. Kule Mbarara maji yetu yalitoka safi, yakimetameta ndani ya glasi, na mwamuzi mmoja akainua glasi ile, akainusa, akaishusha. Akauliza kama sisi wenyewe tungeyanywa. Bahati alitazama viatu vyake. Nikaipokea glasi nikanywa yote bila kupumua, nikatabasamu, na mpaka leo najua zizi lina ladha gani. Sijui kama walitupa nafasi ya tatu kwa ajili ya kichujio au kwa ajili ya huruma. Ufadhili ulikwenda kwa mwenye alama za juu, na huyo alikuwa mimi. Bahati alinipigia makofi kwa moyo wote. Leo ana meza ya nyanya Nakivale, na nikienda hunifungia nyingine za bure, nami hushindwa kumtazama machoni.

Pipa halikurudi. Lilibaki kwenye ofisi ya shirika mjini, uani, jina la shule yetu limeandikwa ubavuni kwa rangi, ili wageni walione. Niliposoma kidato cha tano na cha sita nilikuwa nikipita mbele ya ua ule kwenda darasani. Msimu mmoja nililiona limepandwa maua. Baadaye ofisi ilihama, na kilichokuwa uani kilikwenda nacho.

Mama aliendelea na kuni. Mwalimu Byaruhanga alihamishwa, na hakuna aliyewasha tena ule mkebe. Pipa moja lisingeyaokoa macho ya Mama, hilo nalijua, nimesoma vya kutosha kulijua. Nilipopata kazi nilimleta kwangu, tukaenda hospitali, na daktari akatuambia kwa upole kwamba kwa jicho la kushoto tumekwisha kuchelewa, tulilinde la kulia.

Sasa nami nina wanafunzi. Juma lililopita walinijia wakitaka turekebishe majiko ya shule yaliyotengenezwa na wenzao waliowatangulia, majiko mazuri yaliyopasuka tu. Kuna shirika linalotoa fedha kwa kazi za mikono za sayansi katika sekondari, shirika lingine, lenye gari jingine jeupe. Usiku mmoja nilikaa kuandika maombi. Swali lao la kwanza ni lile lile, nini kipya, na nilikaa mbele yake mpaka chai niliyojipikia ikapoa. Nikainuka kupika nyingine. Mtungi ulikuwa umeisha, nikabadilisha, na harufu ikatoka.

Mama aliisikia kutoka chumbani. Huja kila mara, akipapasa ukuta kwa mkono wa kushoto, huvuta kigoda na kukaa mbele ya jiko langu. Chai hunywa vikombe viwili, kila siku, na cha pili huomba mwenyewe. Nimemmiminia chai hiyo sijui mara ngapi, na usiku ule tu ndipo nilipofikiria ninachokimimina.

"Mama," nikamwuliza, "si ulisema chai ya gesi haina utamu?"

Alipuliza kikombe chake, akanywa kidogo, akapuliza tena.

"Ningesema nini?" akasema. "Mulikuwa na haja ya pipa."

Niliegemea ukuta. Miaka yote niliwaambia watu, hata wanafunzi wangu, kwamba mama yangu ni mtu wa kuni, mambo ya kisasa hayampendezi, na watu walicheka, nami nikacheka nao. Nilikuwa nimeibeba ile sentensi yake kama kitu cha kuchekesha, kumbe ndiyo karo yenyewe, aliyoilipa mbele ya macho yangu akitabasamu.

"Punguza moto," akaniambia, "gesi ni pesa."

Nikapunguza. Yeye alibaki ameketi pale pale, mikono magotini, uso wake ukiutazama moto moja kwa moja.