Foleni ya Kuitazama Pikipiki Yangu

Aibu ninayo, lakini ni aibu ya mtu mwenye pikipiki.

Nimezurura Itigi, Arusha hadi Tunduma, na kila niliporudi Mwankoko mke wangu, Mama Zaituni, aliuliza nimeleta nini. Safari hii nilileta vipuri vya mtumba, maana miaka hii ya ruksa ya biashara kila kitu kinapatikana. Nikajifungia bandani miezi mitatu nikiunda pikipiki ya mashindano, ili naye apate cha kujivunia.

Jumamosi iliyopita niliiwasha. Ekzosi niliiacha wazi makusudi, ikanguruma mpaka mabati yakatetemeka. Baada ya nusu saa nikachungulia nje. Kina mama kama kumi walikuwa wamepanga foleni uani kwangu, wametulia. Moyo ukanijaa. Nikamwita mke wangu aje aone, nikafungua mlango wote, nikawahutubia kuhusu usukani wa chini unaokata upepo. Walinisikiliza kwa adabu, nami nikazidi kupandisha sauti.

Mwishowe nikamgeukia bibi aliyekuwa mbele. "Shikamoo bibi. Unaionaje?"

"Marahaba mwanangu. Inavuma kuliko ya kule sokoni." Akatua ndoo yake. "Mtama tunamimina wapi?"

Ndipo nilipoziona ndoo, kila mama na yake. Walisikia ngurumo wakajua nimefungua mashine ya kusaga.

Mama Zaituni akasogea, akakishika kiti cha pikipiki. "Haisagi, bibi. Ni pikipiki. Ameiunda mwenyewe."

Bibi akaizunguka taratibu, kisha akaniangalia. "Mwenyewe? Hongera, baba. Basi tupelekee hizi ndoo mashineni."