Wilf na Redio ya Gari la Kuku

Mume wangu Wilf ana kigugumizi, na adui yake mkubwa ni herufi B. Bia, biskuti, baiskeli, zote zinamkwama kooni mpaka uso unaiva, halafu mimi nammalizia. Nimemmalizia maneno tangu tulipooana. Watu wa kijijini kwetu hapa Suffolk, Uingereza, wanasema Wilf Garrod ana ulimi mrefu kuliko wote, ila umewekwa kinywani mwa mkewe Enid. Waseme.

Sasa mtu wa namna hiyo, tulipojaliwa mtoto wa kike, nani alichagua jina? Yeye. Aliliandika kwenye karatasi, akanisukumia mezani: Bryony. Ni mmea unaotambaa kwenye ua wa miti nyuma ya nyumba yetu, wenye vitunda vyekundu.

"Wilf, una akili timamu?" nikamwuliza. "Mtoto huyu utamwitaje?"

Akacheka tu. Akamwita Kifaranga. Kifaranga akiwa kwenye nepi, Kifaranga akienda shule, Kifaranga hata alipohitimu uuguzi na kuanza kuwaamrisha madaktari. Jina alilomchagulia mwenyewe hakuwahi kulitamka. Mtoto aliizoea hali hiyo. Yeye Wilf hakuizoea, namjua, ingawa hakuwahi kuniambia.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza matrekta. Trekta halikuulizi habari za asubuhi. Alipostaafu nikadhani nitapata mwenzangu wa kukaa naye jikoni, kumbe wapi! Jirani mmoja mwenye mashamba alikuwa na gari dogo la jeshi la enzi za Vita Kuu ya Pili, la aina iliyokuwa ikibeba redio, limeachwa nyuma ya ghala, na kuku walikuwa wamelala humo vizazi na vizazi. Akamwambia Wilf alichukue bure mradi awahamishe wapangaji. Likaja kwetu likivutwa na trekta, linanuka huko nyuma, na kuku mmoja mkaidi amekalia mayai kwenye kiti cha dereva.

Hapo ndipo nilipompoteza mume wangu bandani. Alishika msasa na maji, akawa anakwangua rangi tabaka kwa tabaka, polepole kama mtu anayemenya yai la moto. Juu kulikuwa na nyeupe ya banda la kuku, chini yake buluu ya muuza makaa aliyelimiliki baada ya vita, chini yake kijani, na chini kabisa, nyuma ya sanduku la betri, kahawia iliyopauka.

"Kijani ni nzuri," nikamwambia. "Gari la jeshi ni kijani, hata mtoto mdogo anajua."

"Ka-kahawia," akasema. "Lilitoka kiwandani kahawia. Kijani walipaka b-b-b..."

"Baadaye," nikammalizia.

"Baadaye. Ndiyo."

Muuza rangi mjini alimchangamkia na kopo la rangi ya kung'aa. Wilf akatikisa kichwa. Gari linalong'aa vitani huonekana na ndege za adui. Alichanganya mwenyewe, akapaka vipande vya bati, akavianika juani, akavitupa, akachanganya tena. Nyumba nzima ikajaa vipande vya bati vya rangi ya matope, na ole wako useme vinafanana.

Kisha ikaja redio yenyewe, sanduku zito lenye maandishi ya Kiingereza na ya Kirusi, kwa sababu nyingine zilitengenezwa zipelekwe kwa Warusi. Ilikuwa imeingia unyevu. Jumapili nikafungua oveni niweke nyama ya nguruwe, nikakuta koili za redio zimelala kwenye trei yangu, zinakaushwa kwa moto mdogo. Siku hiyo tulikula mkate na jibini, na alinisikia, tena bila redio.

Rafiki yake Percy Thurlow, tarishi mstaafu wa kijiji cha pili, alikuwa na redio kama hiyo hiyo. Mchana mmoja nikawa naanika nguo uani, nikasikia mwanamume anazungumza bandani. Sauti nzito, imetulia, maneno yanafuatana vizuri. Nikajiuliza Wilf ana mgeni gani asiyekuja kunisalimu. Nikaenda na kikapu changu cha nguo kiunoni.

Hapakuwa na mgeni. Wilf alikuwa amekaa nyuma ya gari, hedifoni masikioni, maikrofoni mkononi, anamweleza Percy habari za betri. "Betri mbili mpya, zimejaa, ova." Betri! Bila kukwama. Kikapu kiliniponyoka, shuka zikaingia vumbini.

Alipovua hedifoni nikamvaa. "Miaka yote hii ulikuwa unaficha maneno kwenye sanduku?"

Akafikiri. "Ukib-b..." Nikafungua mdomo, akaniinulia kidole nisubiri. "Ukibonyeza swichi, unasema wewe peke yako. Mwingine hawezi kuingia mpaka useme ova. Hu-huku hakuna wa kunimalizia, Enid."

Nilirudi ndani nikanuna hadi chakula cha jioni. Halafu nikampelekea kipande kikubwa cha keki, maana ukweli ukishasemwa, utafanya nini nao?

Mwaka uliofuata Bryony akachumbiwa na Rory Pettit, kijana mzuri asiye na kasoro ila baba yake. Lionel Pettit ni mnadi wa ng'ombe mnadani. Mtu yule hapumui katikati ya sentensi. Na desturi yetu mnaijua: harusini baba wa bibi harusi lazima asimame aseme.

"Garrod, usijisumbue," Lionel akasema siku walipokuja kwetu kunywa chai. "Mimi nitasema kwa niaba ya pande zote mbili. Mdomo ninao wa kutosha."

"Huo tunauona," nikajibu.

Bryony akamshika baba yake mkono. "Baba, si lazima. Kweli. Sitajisikia vibaya."

Wilf akaweka kikombe chini. "Ni-nitasema. Kwenye redio. Na ji-jina lako nitalitaja."

Lionel akameza chai yake yote kwa mkupuo.

Wiki zile sikulala vizuri. Nilimwuliza kama amelijaribu jina bandani, akasema hapana. Nikamwuliza kwa nini. Akasema jina la mwanawe si gari, hulifanyii majaribio. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa likimkwama mbele ya ukoo wa Pettit hatajaribu tena mpaka tumzike.

Bibi harusi alikwenda kanisani ndani ya gari la kahawia, na katika picha zote mimi na kofia yangu mpya tumesimama kando ya rangi ya matope. Mvua ikaanza tulipofika ukumbi wa kijiji. Redio ya Percy ilikuwa mezani karibu na keki. Gari lilikuwa nje, na kupitia dirisha nilimwona Wilf na hedifoni zake.

"Stesheni zote, hapa ni Garrod. Mnanisikia? Ova."

"Nakusikia vizuri," Percy akajibu. "Endelea. Ova."

Akaendelea. Akasimulia habari za kuku kwenye kiti cha dereva, watu wakacheka. Akamwonya Rory kwamba akimkosea mkewe atakutana na ulimi wa mama mkwe, na asiponyooka ipo nyundo ya baba mkwe. Wakacheka zaidi. Kisha akasema, "Kuna neno moja sijawahi kulisema." Tukabaki na mvumo wa redio tu.

Ukarefuka. Mimi nikafungua mdomo, mazoea hayo, na neno lilikuwa tayari ulimini. Bryony akanishika kifundo cha mkono.

"Mama. Mwache."

"Bryony," redio ikasema, kama mtu anayemwita mtoto aje ale. "Ova."

Percy alinyoosha mkono ajibu, Bryony akamnyang'anya maikrofoni.

"Rudia. Ova."

"Bryony. Ova."

"Rudia tena. Ova."

Safari hii lilikwama. "B... b..." Swichi ilikuwa mkononi mwake, hakuna wa kumsaidia, na mimi midomo nimeibana. Lionel Pettit alikuwa ameshika uma hewani, hatafuni wala hasemi. Tulisubiri ukumbi mzima mpaka likatoka lenyewe, limechoka lakini zima.

"Bryony."

"Nimekupata, Baba," akasema. Akasahau kusema ova. Akaiacha maikrofoni juu ya meza, akatoka mbio kwenye mvua na lile gauni nililolishona kwa mikono yangu, akamkumbatia pale pale mlangoni mwa gari, mlango ambao mzee wangu alikuwa ameupaka rangi upya jana yake.

Gauni lina doa la kahawia ubavuni mpaka leo. Nilitaka kulitoa kwa mafuta ya taa, wote wawili wakanikataza.