Walisema Ametulia

Toka Kalemie nilikaa siku nne juu ya magunia ya samaki wakavu ndani ya boti, nikashukia Uvira, nikaja kwa miguu mpaka nikavuka daraja la Ruzizi na kufika Buterere, nyumbani kwa kaka yangu. Nilimwita yaya, yaani mkubwa wangu. Alikuwa mbeba magunia kwenye ghala moja karibu na bandari. Alininyanyua pamoja na mzigo wangu, akacheka: "We mwepesi hivi! Mama anakulisha upepo?"

Mwaka uliofuata guruneti lilirushwa getini pa ghala. Yaya alirudi na damu ya wenzake mpaka ndani ya masikio. Tangu hapo alipiga mayowe mchana kutwa na kupigana na kuta. Siku moja alimvunja mkono mama wa jirani kwa mchi wetu wa kutwangia sombe, majani ya muhogo. Na wakati ule wa vita kelele ilikuwa kifo. Askari walipiga risasi kule ilikotoka. Fundi baiskeli wa mtaani akaja na wenzake, rungu mkononi.

"We mudogo, umunyamazishe yaya yako, ama tutamunyamazisha sisi."

Kwetu kila mwenye sindano aliitwa muganga. Nilimkimbilia mmoja. Tulimfunga yaya kwa mipira ya baiskeli, nikamkalia kifuani, muganga akamchoma dawa ya kulaza wendawazimu. Kesho yake aliikata mipira kwa meno. Akachomwa mara mbili. Siku ya tatu alinyamaza.

"Ametulia," majirani wakaambiana. Wakaniletea pombe ya ndizi. Nikanywa, Mungu anisamehe.

Lakini mkono wake haukukunjika. Taya zilikuwa zimefungana, mwili unawaka, mkojo mweusi kama soda ya Koka.

"Ni malaria," muganga akasema, akivuta dawa tena. "Si ulitaka atulie? Shika muguu."

Nikashika.

Kesho yake nilimpeleka hospitalini, daktari akanikemea: dawa ilikuwa imekaza misuli mpaka ikamomonyoka, uchafu wake ukaziba figo. "Na moyo ni musuli pia." Kiganja changu kilikuwa kifuani pa yaya. Moyo ulipiga ovyo, kama kuku aliyechinjwa, ukaacha.

Tulipotoka kuzika, fundi baiskeli alinishika bega uani kwetu. "Pole, mudogo. Afazali amekufa ametulia."

Nilichukua mchi uleule. Meno yake yalimwagika kifuani, nami nikaendelea kupiga.

"Na huyu wazimu imemushika! Mumufunge! Muite muganga!" majirani wakapiga kelele.

Nilipomwona muganga anakuja mbio na kifuko chake, nilitupa mchi, nikakimbia mpaka Ruzizi. Sijarudi.