Tarakimu Iliyofutika Chini ya Simu

Hadi leo simu za kuzungusha naziona zote moja, na wanaojidai kuzitofautisha huniudhi. Udhia huo ulinianza Timbwani, miaka michache kabla ya uhuru, shangazi yangu alipokuwa kwenye eda ya mumewe na simu ya nyumba imenyamaza.

Marehemu alikuwa wakala wa meli, ndiyo maana simu ilikuwepo. Iliwekwa chumbani mwao, waya umepigiliwa ukutani, na chumba hicho ndicho shangazi alichokalia eda. Binti yake wa pekee alikuwa Nairobi kwa mumewe, mimba ya kwanza imekaribia, daktari amemkataza safari. Hata mazikoni hakuja. Shangazi hakutaka kitu ila kuisikia sauti ya mwanawe kabla hajajifungua, na mimi, binti wa kaka yake, nikaletwa nikae naye na kumtafutia fundi.

Fundi alikuja, akaishia kwenye pazia. Nilimshauri shangazi akae jikoni kidogo, mtu aitazame simu aende zake. Alinikazia macho mpaka nikajiona mpumbavu.

"Mwanamume wa kando haingii humu mpaka nimalize eda yangu," alisema. "Wewe una macho. Mtazamie."

Basi nikawa macho ya fundi. Kutoka upande wa pili wa pazia alinieleza, kwa upole ulionichosha, kwamba kuna simu mbili za kufanana, ya zamani na iliyoifuata, na dawa ya moja siyo dawa ya nyingine. Akauliza mabega yake yameteremka au yamesimama. Tangu lini simu ikawa na mabega? Nikasema yameteremka, kisha nikaona kama yamesimama. Akauliza kama ina droo chini. Inayo. Akasema basi ni ile mpya, halafu akakumbuka kuwa hata baadhi ya zile za zamani zilikuwa na droo. Waya wa mkonga umefumwa kwa uzi? Ndiyo, lakini zote mbili zilikuwa hivyo. Nikatamani kumrushia simu yake huko huko aliko.

Akaniambia niipindue nisome namba. Tatu na mbili zilisomeka vizuri, ila tarakimu iliyozitangulia ilikuwa imefutika kwa kusuguliwa na meza. Ikiwa ni mbili, simu ni ya zamani. Ikiwa ni tatu, ni mpya. Niliipeleka dirishani nikaona mbili. Shangazi akavaa miwani, akaona tatu. Nikatazama tena, nami nikaona tatu. Tukabishana hadi fundi akakohoa.

"Itikise, dada," alisema. "Wasikia kengele ndani?"

Nikasikiliza. Hamna kitu.

"Basi ni ya zamani. Hiyo haina kengele tumboni. Kengele yake hukaa ukutani, kwenye kisanduku cha mbao, na bila hicho simu haifanyi kazi. Kiko wapi?"

Ukutani palikuwa na matundu matupu. Shangazi akashika kinywa. Siku ya matanga kisanduku kililia katikati ya khitma, na wanawake waliojaa chumbani wakakibandua ukutani, wakakitia mvunguni pamoja na kioo na saa, vitu viondolewavyo msibani, wakidhani ni kengele tu na simu itabaki na kazi yake.

Nilikirudisha mwenyewe, fundi akinielekeza waya kwa waya. Nikakosea, nikasonya, nikaanza upya. Tukamwomba opereta atuunganishe na Nairobi, tukangoja, na hatimaye kisanduku kikalia. Shangazi akaunyakua mkonga.

"Mwanangu, ni mimi mamako."

Laini ilikwaruza, lakini jibu nililisikia hata mimi.

"Wewe si mama. Nimepiga siku zote hizi. Mama naye amekufa, mwanificha kwa ajili ya mimba."

Sikumlaumu, maana kwetu ndivyo tufanyavyo. Shangazi aliapa, akalia, hakuaminiwa. Mwishowe akasahau kabisa kwamba nje ya pazia yuko mwanamume, akapaza sauti akimwita mwanawe kwa jina la utotoni walilolijua wao wawili tu, akalirudia na kulirudia, hadi upande wa pili mtu akaitika, "Abee, mama."